Nani aliiona dhahabu kwanza? Kisa cha chemsha bongo iliyogeuka kesi

Mazingira ya kisa

Tukio hili lilitokea jimbo la Victoria, Australia, katika kikundi cha familia zinazozungumza Kiswahili. Wengi wao wametoka Kivu na Burundi, wachache Tanzania na Kenya. Jina la kikundi, mji wanakoishi na majina ya wahusika yameondolewa. Nimebakiza nafasi za watu pale tu ambapo bila hivyo uamuzi uliofanywa hautaeleweka. Mimi sikuwapo usiku ule. Niliitwa baadaye kupitia maswali, karatasi za majibu na maandishi ya waamuzi, kikundi kilipotaka kuandaa mashindano ya pili bila ugomvi.

Kila mwaka kikundi huwatoa vijana kwenda kuona mahali penye historia. Safari hii walichagua miji ya dhahabu: Ballarat kwanza, kisha kaskazini hadi Dunolly na Moliagul. Walikuwa na sababu nzuri. Watoto waliokulia kule hufundishwa habari za dhahabu shuleni, na wazazi wao hawazijui. Kwa upande mwingine, baadhi ya akina baba waliotoka Kivu Kusini wameichimba dhahabu kwa mikono yao. Wanajua shimo, karai na mizani ya mnunuzi, mambo ambayo watoto wao wameyaona kwenye picha tu. Chemsha bongo ya usiku wa mwisho ilikusudiwa kukutanisha elimu hizo mbili, kwa hiyo katika kila meza waliketi wazee kwa vijana.

Msomaji asiyeifahamu historia hii anahitaji machache. Dhahabu ilitangazwa rasmi New South Wales mwezi Mei 1851. Miezi michache baadaye ikapatikana Victoria: Clunes, Ballarat, kisha Castlemaine na Bendigo. Victoria, iliyokuwa na walowezi wapatao 77,000 mwaka huo, ilifikisha watu kama 540,000 miaka kumi baadaye. Baada ya hapo homa ya dhahabu ikahama. Gympie ilipata yake mwaka 1867, Charters Towers mwishoni mwa 1871, na huko magharibi jangwani Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie 1893. Kila mji kati ya hiyo una kibao chake, sanamu yake na hadithi yake ya mtu aliyeinama akaokota utajiri. Maswali ya usiku ule yalichotwa kwenye hadithi hizo.

Maswali yalivyotungwa

Watungaji walikuwa wawili: mwalimu wa shule ya msingi, mama mwenye heshima kubwa kikundini, na kijana wa chuo kikuu. Walitunga maswali 20 kutoka kwenye vipeperushi vya watalii, picha za vibao walizopiga kwa simu, na intaneti.

Walifanya maamuzi matatu ambayo ndiyo yaliyozaa kila kitu kilichofuata. Kwanza, kila swali liwe na jibu moja fupi. Mwalimu aliamini kwamba jibu fupi halizui mjadala. Pili, karatasi ya majibu iwe ndiyo neno la mwisho, na jambo hilo litangazwe mwanzoni. Tatu, mtu mwingine yeyote asiyaone maswali kabla ya siku yenyewe. Hili la tatu lilikuwa na mantiki: katika jamii ndogo kila mtu ni shemeji au binamu wa mshindani, na siri ikipita kwa mtu wa tatu imeshafika jikoni.

Maswali matatu ndiyo yanayotuhusu. La 3: nani aligundua dhahabu ya kwanza Australia? Jibu kwenye karatasi: Edward Hargraves, 1851. La 9: donge kubwa kuliko yote la dhahabu lililopatikana Australia linaitwaje, na lilikuwa na uzito gani? Jibu: Welcome Stranger, kilo 71. La 14: watu wangapi walikufa katika mapigano ya boma la Eureka (ya wachimbaji na askari huko Ballarat, 1854)? Jibu: 30.

Usiku wa mashindano

Meza zilikuwa tatu. Nitaziita ya mlangoni, ya dirishani na ya katikati. Zawadi ilikuwa vocha za vitabu kwa watoto wa meza itakayoshinda. Si kitu kikubwa, lakini ilitosha kuwafanya wazazi wakae mbele ya viti.

Swali la 3 liliposahihishwa, meza ya mlangoni ilikuwa imeandika Hargraves, ikapata alama. Meza ya katikati iliandika McBrien, 1823. Meza ya dirishani iliandika Lister na Tom. Binti mmoja wa meza hiyo alikuwa ameandika kazi ya shule juu ya habari hizo, akasimama kujieleza. Mwalimu akamkatiza kwa upole kwamba karatasi inasema Hargraves. Hapo baba mmoja wa meza ile, aliyewahi kuchimba Kivu, akaomba ruhusa ya kusema.

"Mwalimu, samahani sana. Kuona vumbi kwenye karai si kupata dhahabu. Mtu amepata dhahabu siku inapolipa chakula cha watu wake."

Ukumbi ulicheka, lakini hoja ikabaki mezani. Mwenyekiti, mama wa Kitanzania aliyeongoza waamuzi, akasema wataendelea na kulirudia jambo hilo mwishoni.

Swali la 9 likaongeza moto. Meza ya mlangoni iliandika kilo 72, na waamuzi wakaikubali kwa kuwa ni karibu na 71. Meza ya dirishani iliandika Welcome Stranger, kilo 78, ikakosa. Meza ya katikati haikuliandika donge hilo kabisa. Iliandika Holtermann, kilo 286. Swali la 14 meza ya mlangoni ilibahatisha 30, ya dirishani ikaandika 27, ya katikati 22.

Hesabu ya mwisho kwa mujibu wa karatasi ilikuwa hivi: mlangoni 15, dirishani 13, katikati 11. Mezani kwa mlangoni watu walikuwa wameshaanza vigelegele.

Uamuzi wa waamuzi

Waamuzi walitoka nje kwa muda. Walikuwa na njia tatu: kusimama na karatasi kama walivyotangaza, kufuta maswali yote yenye utata, au kusikiliza kila swali peke yake. Walichagua ya tatu. Maandishi yao yanaonyesha sababu mbili. Mwenyekiti hakutaka binti aliyesoma kwa bidii aondoke akijua kwamba kusoma zaidi ya kipeperushi ni kosa. Na baba wa Kivu alikuwa mtu mzima mwenye neno kikundini. Kumnyamazisha kwa karatasi kungeonekana utovu wa adabu.

Swali la 3 wakakubali Hargraves na pia Lister na Tom, wakamkataa McBrien. La 9 wakakubali 78 pamoja na 72, na Holtermann pia. La 14 wakalifuta, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha namba 30 ilitoka wapi.

Piga hesabu upya. Dirishani 15, mlangoni 14, katikati 12. Mshindi amebadilika.

Matokeo

Vocha ziligawanywa kwa meza mbili, jambo ambalo halikumfurahisha mtu. Familia mbili za meza ya mlangoni hazikuonekana kwenye kikao kilichofuata. Mwalimu alijiuzulu utungaji wa maswali, akarudi baadaye kwa kuombwa. Kwa upande wa faida, vijana kadhaa walikwenda maktaba kutafuta nani hasa alikuwa na haki, na walirudi na mambo mazito kuliko yaliyokuwa kwenye vibao. Mengi ya uchambuzi unaofuata yalianzia kwao.

Uchambuzi: "wa kwanza" alikuwa mdai

Hargraves alirudi kutoka California mapema 1851 akiwa na imani kwamba milima aliyoiona kule inafanana na ya New South Wales. Tarehe 12 Februari, akiongozwa na kijana John Lister, ambaye mama yake alikuwa na nyumba ya wageni huko Guyong, aliosha mchanga katika kijito cha Lewis Ponds akaona chembe chache. Chembe hizo zilimtosha. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alimwambia Lister kuwa yeye atakuwa baronet (cheo cha heshima cha Kiingereza), kijana atapewa cheo cha Sir, na farasi wake mzee atakaushwa na kuwekwa kwenye kabati la kioo la British Museum. Aliwaonyesha Lister na ndugu William na James Tom jinsi ya kutengeneza susu ya kuoshea mchanga, kisha akaenda zake Sydney kuongea na serikali. Mwezi Aprili, yeye akiwa mbali, Lister na William Tom wakapata wakia kadhaa: dhahabu ya kulipa. Hargraves akalitangaza eneo hilo, lililokuja kuitwa Ophir, akapokea zawadi ya serikali ya pauni 10,000.

Lister na ndugu wa Tom walilalamika kwa miongo kadhaa. Mwaka 1890 kamati teule ya bunge la New South Wales ilisikiliza shauri hilo na kukubali kwamba wao ndio waliotangulia kupata dhahabu kwa kiasi cha kulipa. Lister alifariki mwaka huohuo bila kutoa ushahidi wake. Hargraves alifariki 1891.

Hapo ndipo ninapomwona baba wa Kivu kama mtu aliyelielewa swali kuliko waliolitunga. Alichosema kuhusu karai ndicho kipimo kilekile kilichotumiwa na kamati ya bunge, na hakuwahi kuisikia kamati hiyo.

Na meza ya katikati? James McBrien, mpima ardhi wa serikali, aliandika kuona chembe za dhahabu mto Fish, upande wa Bathurst, mwezi Februari 1823. Hilo liko kwenye daftari lake. Mchungaji W. B. Clarke, aliyekuwa pia mwanajiolojia, alipata dhahabu mwaka 1841 na kumwonyesha Gavana Gipps mwaka 1844. Inasimuliwa kwamba gavana alimwambia aifiche wasije wakakatwa koo wote, maana koloni lilijaa wafungwa. Kwa swali lililoandikwa "nani aligundua dhahabu ya kwanza", McBrien ana haki kubwa kuliko Hargraves. Waamuzi walimkataa kwa kigezo cha dhahabu ya kulipa, ilhali Hargraves, ambaye naye aliona chembe tu, walimkubali. Huo ndio uamuzi dhaifu kuliko yote ya usiku ule, na meza ya katikati haikulalamika kwa sababu tu ilikuwa imeshapitwa mbali.

Tatizo halikuwa kwamba historia ina utata. Tatizo ni kusahau kwamba katika machimbo yale "wa kwanza" lilikuwa dai la fedha. Juni 1851 watu wa Melbourne walipoona vibarua wao wanakimbilia New South Wales, waliunda kamati na kuahidi gini 200 kwa atakayeonyesha dhahabu ndani ya maili 200 kutoka mji wao. Tangu siku hiyo kila mwenye karai alikuwa na sababu ya kutaja tarehe yake, na kila kamati ilikuwa na sababu ya kuweka masharti: iwe ya kulipa, iwe imetangazwa, iwe mahali fulani. Bendigo nayo ilikuwa na wadai wengi kiasi kwamba bunge la Victoria liliunda kamati yake mwaka 1890, karibu miaka 40 baada ya tukio. Kwa hiyo majibu yapo, tena mengi yameandikwa kwa umakini wa kisheria. Kila moja linajibu swali lake: nani aliona, nani alitangaza, nani alilipwa, nani alistahili kulipwa. Mtungaji akiandika "nani wa kwanza" na kuishia hapo, ameyachanganya manne hayo kwenye gunia moja.

Kuna la tano, na halikutajwa na meza yoyote. Ophir ni nchi ya Wawiradjuri, Ballarat ni ya Wawadawurrung, Moliagul ni ya Wadja Dja Wurrung. Watu waliotembea juu ya ardhi hiyo kwa maelfu ya miaka, wakijua kila kijito chake, hawawezi kuondolewa kwenye swali la nani aliona kwanza kwa sababu tu hawakujaza fomu ya zawadi.

Uchambuzi: donge lililopimwa mara tatu

Welcome Stranger lilipatikana Moliagul tarehe 5 Februari 1869 na John Deason na Richard Oates, wachimbaji waliotoka Cornwall. Halikuwa shimoni, lilikuwa sentimita chache tu chini ya udongo, kwenye mizizi ya mti. Walilichoma moto ili mawe yaliyoshikamana nalo yapasuke, wakalipeleka Dunolly kwa mkokoteni. Mizani ya benki haikuweza kulibeba likiwa zima, ikabidi livunjwe juu ya fuawe. Hakuna picha ya donge lenyewe. Mtalii anachokiona leo ni mfano uliotengenezwa baadaye.

Sasa uzito. Likiwa na mawe yake linakadiriwa kuwa na kilo 109. Likishapasuliwa, wakia 2,520, yaani kilo 78. Dhahabu halisi iliyotoka ndani ni kama kilo 72. Namba zote tatu zimechapishwa, na zote ni sahihi kwa hatua yake. Meza ya dirishani ilinakili 78 kwenye maelezo waliyoyasoma mchana, ya mlangoni ikanakili 72 kwenye kipeperushi. Hakuna aliyekosea.

Aliyekosea ni mwenye karatasi. Kijana wa chuo alichukua wakia 2,520 akaziingiza kwenye simu ibadilishe kuwa kilo. Simu ilitumia wakia ya kawaida ya gramu 28.35, wakati dhahabu hupimwa kwa wakia ya troi, gramu 31.1. Akapata kilo 71.4. Kisha akaona kipeperushi kinasema 72, akaridhika kwamba hesabu yake imethibitishwa. Haikuthibitishwa. Namba mbili zenye maana tofauti zilikutana kwa bahati. Ninalitaja kosa hili kwa urefu kwa sababu ni la kawaida sana katika maswali ya dhahabu na ni gumu kulinasa: jibu baya linaonekana zuri. Tungekuwa na wakia 3,523 za donge likiwa na mawe, kosa lilelile lingempa karibu kilo 100 badala ya 109, na pengine angeshtuka.

Holtermann ni habari nyingine. Pande lile lilitolewa Hill End, New South Wales, tarehe 19 Oktoba 1872 katika mgodi wa Star of Hope. Lilikuwa na urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 286. Makadirio ya dhahabu iliyokuwamo yanatofautiana, lakini mengi yanaizidi ile ya Welcome Stranger. Kwa nini basi halishiki nafasi ya kwanza? Kwa sababu halikuwa donge. Lilikuwa kipande cha mwamba mweupe kilichochanganyika na dhahabu, kikapondwa na mashine kama mwamba mwingine wowote. Picha maarufu ya Bernhardt Holtermann akiwa amelishika pande hilo iliunganishwa studioni. Waamuzi walifanya makosa kulikubali jibu hili; swali lilisema donge. Hapa karatasi ilikuwa sahihi na huruma ikaipita.

Uchambuzi: wafu wa Eureka

Boma la Eureka lilivamiwa alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 1854. Wachimbaji wa Ballarat walikuwa wamechoshwa na leseni iliyolipwa iwe mtu amepata au hakupata, na na polisi waliowawinda kuikagua. Mapigano yalichukua kama robo saa.

Namba 22 ya meza ya katikati ni ya orodha ya Peter Lalor, kiongozi wa wachimbaji aliyepoteza mkono katika mapigano hayo: ni wachimbaji peke yao, kumi na wanne waliokufa hapohapo na wanane kwa majeraha. Askari waliokufa hawamo. Waliojeruhiwa wakafia mafichoni hawawezi kuhesabiwa kwa uhakika, na shajara moja ya siku zile inataja mazishi ya mwanamke aliyeuawa akimwombea mumewe, ambaye hayumo kwenye orodha ya Lalor. Waamuzi walifanya vema kulifuta swali. Walipokosea ni kulifuta baada ya alama kujulikana.

Kilichofanya kazi

Maswali 17 yalipita bila kelele, na machache kati yake yalikuwa mazuri kweli. Moja liliuliza mtu wa kwanza kupandishwa kizimbani kwa uhaini baada ya Eureka. Jibu: John Joseph, Mmarekani mweusi. Wanaume 13 walishtakiwa, wote wakaachiwa huru mwaka 1855, na Joseph alipotoka umati wa Melbourne ulimbeba kwenye kiti barabarani. Mwingine kati ya wale 13, James Campbell, alikuwa mtu wa Jamaika. Vijana waliosimulia usiku ule wanakumbuka swali hili kuliko vocha. Hapa "wa kwanza" halina tabu, kwa sababu mahakama huandika nani alisimama lini.

Lingine liliuliza kwa nini maelfu ya Wachina mwaka 1857 walishuka bandari ndogo ya Robe, Australia Kusini, wakatembea zaidi ya kilomita 400 hadi machimboni. Sheria ya Victoria ya 1855 ilikuwa imeweka kodi ya kichwa ya pauni 10 kwa kila Mchina aliyeingia kwa meli, na kubana idadi yao kwa ukubwa wa meli. Kwa nauli na kodi, miguu ilikuwa nafuu. Njiani kundi moja likapata dhahabu pale ulipo mji wa Ararat. Meza zote tatu zililijibu, na mama mmoja wa Burundi aliyewahi kutembea kwa miguu kuvuka mpaka alilieleza vizuri kuliko karatasi. Swali la "kwa nini" halikuleta ugomvi hata mara moja, kinyume kabisa cha alivyohofia mwalimu.

Kuhusu utaratibu, nasimama na mwenyekiti kwa jambo moja na kumpinga kwa jingine. Kumruhusu baba azungumze kulikuwa sahihi. Lakini kanuni "karatasi ni ya mwisho" ilitangazwa mbele ya watu, ikavunjwa nyuma ya mlango, tena baada ya kila mtu kujua hesabu. Meza ya mlangoni haikudhulumiwa kwa historia. Ilidhulumiwa kwa utaratibu. Kama rufaa zingesikilizwa swali kwa swali, kabla ya kujumlisha, matokeo yangekuwa yaleyale na vigelegele visingezimwa. Na woga wa siri kuvuja, ingawa unaeleweka, ulikuwa na dawa rahisi: kumpa maswali mtu asiye na ndugu ukumbini.

Maswali yalivyoandikwa upya

Kwa mashindano ya pili, la 3 likawa hivi: "Mwaka 1890 kamati ya bunge la New South Wales ilisema nani walitangulia kupata dhahabu ya kulipa, na nani alikuwa ameshalipwa zawadi?" La 9 likataka wakia, si kilo, likataja donge likiwa limepasuliwa, na likaongeza: kwa nini lilivunjwa? La Eureka likawa la orodha ya Lalor, likitaja jina lake.

Msomaji wa nje alinasa jingine kabla halijafika ukumbini. Liliuliza ni mhandisi gani alijiua baada ya maji kushindwa kutoka kwenye bomba la Kalgoorlie siku ya uzinduzi. Hadithi hiyo husimuliwa sana magharibi. C. Y. O'Connor alifariki tarehe 10 Machi 1902, na bomba lake lilizinduliwa tarehe 24 Januari 1903, maji yakafika kama alivyopanga. Ilitosha kuweka tarehe mbili kando kwa kando. Swali la urefu wa bomba lilelile nalo liliondolewa, kwa kuwa vyanzo vinatoa kilomita 530, vingine 560, kutegemea mji unaohesabiwa kuwa mwisho.

Swali moja jipya nililipendekeza mimi. Julai 1851, miezi miwili tu baada ya Ophir kutangazwa, pande la mwamba lenye zaidi ya ratili 100 za dhahabu lilipatikana karibu na kijito cha Meroo, New South Wales, na magazeti yakalivumisha hadi ng'ambo. Limebaki likijulikana kwa jina la Dr Kerr. Swali liliuliza nani aliliona. Jibu: mchungaji Mwaborijini aliyekuwa akichunga mifugo ya Kerr. Meza mbili ziliandika Kerr, zikakosa alama, zikasomewa sababu papo hapo, na mashindano yakaendelea.